Kununua mashine ya gemu za zamani: chaguo nne kwa mchezaji wa Kisumu na Nakuru

Nimezipanga chaguo hizi kwa kipimo kimoja, nacho ni muda unaopita kati ya kidole kubonyeza padi na picha kuitikia. Gemu za zamani ziliundwa kwa runinga za kichogo, ambazo hazicheleweshi picha, na ucheleweshaji ukiingia, mruko uliopimwa kwa makini hugeuka kuwa wa kubahatisha, hata picha iwe safi namna gani.

Nafasi ya kwanza naipa PlayStation 2 iliyotumika, iunganishwe na runinga ya kichogo. Mashine hii ilitoka mwaka 2000 na ziliuzwa zaidi ya milioni 150, kwa hiyo padi na vipuri vyake bado hupatikana. Tena husoma diski nyingi za PlayStation ya kwanza. Kabla ya kulipa, igeuze usome kibandiko: ya Japani huhitaji volti 100 na ya Marekani 120, ilhali stima yetu ni 240, na ukiichomeka bila transfoma utaiunguza. Mwombe muuzaji aiwashe ucheze kwa muda wa kutosha, maana lenzi iliyochoka hujidhihirisha gemu inapokwama ikipakia sehemu mpya. Hakikisha pia kwamba kadi ya kumbukumbu inahifadhi. Runinga yenyewe usiifungue hata ikiwa imechomolewa, kwa sababu hubaki na umeme wa kuua, mwachie fundi.

Ya pili ni simu uliyo nayo tayari, pamoja na padi. Emuleta, yaani programu inayoiga mashine ya gemu, iitwayo PPSSPP, iliyotoka mwaka 2012, ni ya bure na huchezesha gemu za PSP, mashine ya mkononi ya Sony, na unaweza kuhifadhi mchezo wakati wowote, jambo ambalo mwenye PlayStation 2 huliwazia sana stima inapopotea. Padi ya waya huchelewesha kidogo kuliko ya bluetooth. Emuleta ni halali, lakini gemu zina hakimiliki, na PPSSPP haiji na gemu yoyote. Kwa mwanafunzi wa Njoro anayehama chumba mara kwa mara, au mpangaji wa chumba kimoja Kondele, ningeiweka mbele ya zote, kwani kichogo kizito kitamsumbua kuliko kumburudisha.

Ya tatu ni kile kijiti cha kuchomeka nyuma ya runinga bapa, kinachonadiwa kuwa na maelfu ya gemu. Nyingi ni zilezile kwa majina tofauti. Ukikinunua, washa hali ya gemu (game mode) kwenye runinga ili kupunguza ucheleweshaji.

Mashine za kaseti zinazoiga Famicom, mashine ya Nintendo ya 1983, nimeziweka mwisho, ingawa nazipenda. Bunduki ya gemu ya kuwinda bata, Duck Hunt, hailengi chochote kwenye runinga bapa, na kaseti asilia zenye kuhifadhi mchezo hutegemea betri ndogo iliyochomelewa ndani, ambayo baada ya miaka hii yote huenda imekwisha. Nunua kaseti ya aina hiyo ikiwa tu una fundi wa kubadilisha betri hiyo.