Lushoto hadi Mtae kwa miguu: uzoefu wangu na mwongozaji wa kukodi

Huduma niliyotumia ni ya ofisi ndogo ya waongozaji pale Lushoto mjini. Wanauza matembezi ya siku kadhaa kwenye milima ya Usambara, mkoani Tanga, kutoka Lushoto hadi Mtae, unapita Magamba, Lukozi na Rangwi, unalala njiani. Jina lao silitaji kwa sababu nina malalamiko nao, na malalamiko nimeshawafikishia wenyewe. Kijana waliyetupa atuongoze, huyo sina neno naye, na ndiye aliyenifanya niandike. Ukilipia matembezi ya Usambara hununui njia. Njia ni za watu wote, wanafunzi na akina mama wenye matenga wanazipita bure kila siku. Unanunua akili ya mtu anayejua leo ipi inapitika na ipi haipitiki.

Tulikwenda mimi, wifi yangu na mpwa wangu aliyemaliza kidato cha sita. Wifi ni mtu wa Ngamiani, Tanga mjini, amezoea tambarare na kivuli cha mwembe, na goti lake la kushoto lina maneno yake. Alikubali kuja kwa sharti kwamba hatapanda jiwe. Nilimwambia mwongozaji sharti hilo kwenye simu kabla hata hatujafika. Hakucheka, aliuliza tu goti linauma wakati wa kupanda au wa kushuka. Hapo nikajua tumepata mtu.

Ofisini kwao mambo hayakuwa laini hivyo. Nilipopiga simu mara ya kwanza nilitajiwa bei kwa dola. Nikasema, kaka, mie natoka Tanga mjini. Bei ikageuka shilingi, na ikashuka. Basi wewe unayepanga kwenda anza hapo hapo: jitambulishe, kisha waulize bei imebeba nini. Waandike kwenye ujumbe, si kwa mdomo. Mwongozaji yumo? Malazi ya kila usiku yamo? Chakula cha jioni kimo, au ni cha mchana tu? Kiingilio cha msitu kimo? Usafiri wa kurudi kutoka Mtae nani analipa? Sisi tuliambiwa "kila kitu kimo", na tulipofika Lukozi tukakuta mama wa nyumba ya wageni hajalipwa chakula cha usiku. Mwongozaji alipiga simu ofisini, kikawa kizungumkuti, mwisho tukatoa fedha zetu. Nusu tu ndiyo iliyorudi. Si fedha nyingi, lakini mtu akiwa na njaa na miguu imevimba hataki mazungumzo ya hesabu.

Kuhusu kiingilio, Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia, iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Mtanzania ana kiwango chake, mgeni ana chake, na tofauti ni kubwa. Chukueni vitambulisho vya taifa, vinginevyo mtajieleza getini. Risiti ya serikali ikae kwako wewe, isikae kwa kampuni.

Kutoka Tanga ni basi hadi Mombo, kupitia Muheza, Segera na Korogwe. Mombo kuna joto lile lile la bondeni, halafu mnaanza kupanda kilomita 33 za kona kupitia Soni, na kila kona hewa inabadilika. Wanaochafuka tumbo wakae mbele. Sweta lisiwe chini ya mizigo, utalihitaji kabla ya kushuka kwenye gari. Mji wa Lushoto uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Juni hadi Agosti baridi yake si ya mchezo kwa mtu wa pwani.

Jambo moja ambalo mwongozaji alilisisitiza, nami nakubaliana naye kabisa: siku ya kufika msianze safari yenyewe. Alasiri ile alitupeleka Irente, mwendo wa kama kilomita tano au sita kutoka mjini, kwenye lile jabali ambalo ukisimama ukingoni unaiona Mazinde chini yako, na mashamba ya mkonge, na tambarare inayokwenda hadi macho yanachoka. Watu huenda kupiga picha. Yeye alikuwa anatupima. Alikuwa anamwangalia wifi anavyoshuka, mpwa wangu anavyokimbia bila sababu, mimi ninavyosimama kila mara nikijifanya natazama mandhari. Usiku ule akabadilisha mpango: kipande kimoja cha mteremko mkali akakiondoa, tukazunguka kwa juu.

Magamba ndipo nilipopapenda kuliko pote. Msitu wenyewe una vilele vinavyopita mita 2,200, na asubuhi ukungu unashuka mpaka hamuonani. Mbega tuliwasikia kabla ya kuwaona, kisha wakapita juu yetu na mikia yao yenye ncha nyeupe. Tulionyeshwa mkulo, mti mkubwa ambao wanasayansi wameupa jina la milima hii, Ocotea usambarensis, ukaliwa sana na misumeno kwa ajili ya mbao zake. Alitusimulia pia habari ya lile ua dogo la zambarau ambalo Ulaya na Marekani wanaliweka kwenye vyungu madirishani. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao, na wanasayansi wakaliita Saintpaulia kwa jina lake. Nimekulia Tanga nikiimbiwa mkonge tu. Hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia kwamba ua hilo ni letu.

Ukitoka msituni unaingia mashambani, na hapa ndipo mtu asiye na mwongozaji anapopotea. Njia zinagawanyika kila hatua, moja inaishia kwenye kisima cha watu, nyingine kwenye kabichi, nyingine kwenye mlango wa nyumba. Ramani ya simu inakuonyesha mstari, haikuonyeshi kwamba mstari huo jana ulimwagiwa mvua. Udongo mwekundu wa kule ukilowa ni sabuni. Kabla ya Rangwi ilikuwepo njia fupi ya bondeni, hata mpwa wangu aliiona akataka tuifuate. Mwongozaji alimsimamisha mzee aliyekuwa anapanda nayo, akamwamkia, wakazungumza Kisambaa kidogo, kisha akatupitisha mgongoni mwa mlima. Ilituongezea zaidi ya saa. Wifi alinung'unika. Baadaye tukawakuta vijana wawili waliopita bondeni, wamejaa tope hadi kiunoni, mmoja kiatu mkononi. Manung'uniko yakaisha.

Na salamu, jamani. Mnapita kwenye mashamba ya watu, mtu yuko na jembe lake. Shikamoo itangulie, picha ifuate baada ya kuomba. Wifi kwa hili alitushinda wote, maana kila shamba aliuliza bei ya viazi na karoti. Alipofika Lukozi, ambako malori yanapakia mboga za Dar es Salaam, goti likapona ghafla. Ilibidi mwongozaji amkumbushe kwamba gunia la viazi halibebeki mgongoni.

Malazi yanatosha, msitegemee makubwa. Rangwi tulilala nyumba ya wageni ya masista, safi, kimya, maji ya moto ya ndoo, na chakula kilichopikwa na mtu anayependa kupika. Lukozi palikuwa na kelele.

Mtae uko kwenye ncha ya mlima, nyumba zimepangana juu ya ukingo, na pande zote ardhi inakatika. Siku ikiwa nyeupe unaiona Hifadhi ya Mkomazi chini na milima ya Upare upande wa pili. Sisi ilitupa jioni moja nzuri, asubuhi yake ukungu ukafunika kila kitu. Mabasi ya kurudi Lushoto yanatoka alfajiri na mapema, kwa hiyo usiku huo mizigo ifungwe kabla ya kulala.

Vifaa: raba zenye meno zilizokwisha kuzoea mguu, koti la mvua, soksi za ziada, fedha taslimu za noti ndogo ndogo. Buti jipya liache dukani. Masika, Machi hadi Mei, mie nisingeenda.

Bakshishi tulimpa mwongozaji mkononi, Mtae, mbele ya wenzetu, wala haikupitia ofisini. Nikirudi nitamtafuta yeye kwa simu yake, na ofisi yao nitawasalimu tu nikipita. Kwa wale ambao magoti yao hayakubali kabisa, kuna msitu wa hifadhi wa Amani, Usambara ya Mashariki, unapandia Muheza. Ni karibu zaidi na Tanga, na njia za matembezi ya saa chache zipo.