Gion au Takayama: sherehe ipi kwa mwenye watoto wadogo?

Zote mbili ni sherehe za Japani za magari marefu ya mbao yanayoendeshwa kwa nguvu za watu, na zote zimo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni: Gion tangu 2009, Takayama tangu 2016. Kwa mzazi, zinafanana hapo tu.

Gion ya Kyoto huangukia Julai, kwenye joto na unyevunyevu mzito. Tarehe 17 hupita magari 23, makubwa yakikaribia tani 12. Kwenye kona ndipo penye uhondo: magurudumu hayapindi, kwa hiyo hutandikwa mianzi iliyolowa maji, kisha wanaume huvuta kamba kwa kishindo hadi gari ligeuke. Maandalizi huchukua muda, na mtoto wa miaka mitatu atakuwa ameshaanza kulia. Kigari cha mtoto hakipenyi kwenye umati huo, beba mbeleko. Ukiing'ang'ania Gion, nenda tarehe 24: magari 11, na nafasi ya kupumua.

Takayama ni mji mdogo wa milimani, unaosherehekea Aprili 14 na 15, kisha Oktoba 9 na 10. Magari huegeshwa, watoto wakayatazama kwa karibu. Vikaragosi vinavyochezeshwa kwa nyuzi juu ya baadhi ya magari huwanyamazisha hata watundu. Mimi ningeanzia huku, bila kusita.

Ila mvua ikinyesha magari hayatoki. Hapo kimbilia jumba la maonyesho karibu na hekalu la Sakurayama Hachiman, ambako baadhi ya magari ya Oktoba huonyeshwa mwaka mzima. Malazi yatafute miezi kabla, na masweta usiyasahau.