Uzoefu wangu na mwalimu wa takwimu hapa Lamu

Naandika haya kwa ajili ya yeyote wa Lamu, Mokowe, Mpeketoni au hata Malindi anayesoma chuo huku akifanya kazi, na ambaye somo la takwimu limemkaa kooni kama lilivyonikaa mimi. Nililifeli mara mbili. Mwaka huu nimelipita, na sababu ni mwalimu mmoja tu, kwa hiyo naona ni deni juu yangu kueleza nilivyompata na anavyofundisha.

Mimi kazi yangu ni kuandika samaki wanaoshushwa dikoni. Chombo kikiingia, nasimama kwenye mizani na daftari: changu kilo ngapi, tafi kilo ngapi, pweza, kamba, kolekole. Nimeshaandika namba hizo kwa miaka mingi. Ndiyo maana kufeli takwimu kuliniuma sana; nazishika namba kila siku asubuhi, kisha nakaa kwenye mtihani siwezi kuzisemesha.

Kabla yake nilishapoteza pesa. Kuna mtu nilimpata mtandaoni, akaniahidi kunifundisha kwa simu. Nilimtumia shilingi 6,000. Alichonirudishia ni faili la kurasa kumi na nne lenye majedwali ya SPSS, ile programu ya kompyuta ya takwimu, na sentensi nzuri za kitaalamu, kazi yangu yote imeshafanywa. Nilipomuuliza jedwali la pili lina maana gani, alisema niliwasilishe tu, hawataniuliza. Waliniuliza. Nilisimama mbele ya walimu watatu nikiwa sina jibu hata moja, na aibu ile sijaisahau mpaka leo. Nawasihi sana: anayejitolea kukufanyia kazi si mwalimu, hata akikuonea huruma vipi.

Huyu wa sasa nilielekezwa na jirani, ambaye binti yake alikuwa akisaidiwa hesabu za Kidato cha Nne. Ni msichana aliyemaliza chuo juzijuzi, anafundishia nyumbani kwao upande wa Langoni, kwenye kiwanda, ule ua wa ndani wa nyumba zetu za mawe. Kwa sisi wanawake hilo lilikuwa na uzito wake, maana unakaa bila wasiwasi. Tunaanza Jumamosi baada ya Alasiri. Nimemzidi miaka kumi na mitano lakini namwita mwalimu, naye ananiita dada.

Siku ya kwanza nilikwenda na kitabu na orodha ya fomula. Akakifunika. "Dada, daftari la dikoni umelileta?" Nilikuwa nalo mkobani. Akanambia nimsomee vyombo saba vya siku yoyote. Nikasoma kilo: 8, 9, 11, 12, 13, 15, na cha mwisho 93, kilichokutana na kundi la kolekole. Akaniuliza wastani. Nikajumlisha 161, nikagawa kwa saba, nikapata 23. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Ni chombo gani kilileta kilo 23?"

Nikaangalia tena. Hakuna. Hakuna hata kimoja kilichokaribia. Vyombo sita viko chini kabisa ya hapo, na kimoja kiko mbali juu. Namba ya katikati, yaani mediani, ni 12, na hiyo ndiyo inayofanana na siku ya mvuvi wa kawaida. Mimi miaka yote napeleka wastani kwenye ripoti ya mwezi na sikuwahi kujiuliza swali hilo. Mwalimu hakunicheka. Alisema wastani si mbaya. Ukitaka kujua samaki wote waliouzwa, wastani utakusaidia, ila ukitaka kujua hali ya nyumba za wavuvi, tazama katikati.

Jambo lililonitesa kuliko yote ni ile n toa moja, yaani idadi ya namba ulizonazo ukitoa moja. Kwa nini mkengeuko sanifu wa sampuli, kile kipimo cha namba zilivyotawanyika, unagawa kwa n toa moja? Darasani niliambiwa ni kanuni, niikariri. Yeye aliomba kete za bao kutoka kwa kaka yake, akazipanga kwenye mkeka mafungu matano: 4, 6, 8, 10, 12. Wastani ni 8. Akanipa karatasi niandike kila fungu limeachana na 8 kwa kiasi gani: pungufu 4, pungufu 2, sifuri, zaidi 2, zaidi 4. Kisha akafunika ya mwisho kwa kiganja. "Nambie hii ni ngapi bila kuangalia." Nikajua palepale ni 4, kwa sababu lazima zote zikijumlishwa ziwe sifuri. "Basi hiyo ya tano haina uhuru," akasema. "Zilizo huru ni nne." Nikazidisha kila moja kwa yenyewe, nikajumlisha nikapata 40. Nikagawa 40 kwa 4, nikapata 10, kipeuo chake cha pili ni 3.16. Ningegawa kwa tano ningepata 2.83, namba inayoonyesha mtawanyiko mdogo kuliko ulivyo. Digrii za uhuru nilizokuwa nikiziogopa zilikuwa pale chini ya kiganja chake.

Hicho ndicho kipimo ninachowapa wanaotafuta mwalimu. Muulize kwa nini n toa moja. Akikwambia "ndiyo fomula ilivyo", mshukuru uende zako.

Thamani ya p, yaani uwezekano wa kupata matokeo kama uliyoyapata au makali zaidi ikiwa kweli hakuna tofauti yoyote, nayo ilinichukua Jumamosi mbili. Kwenye rasimu yangu nilikuwa nimeandika kwamba p ni 0.03, kwa hiyo kuna uwezekano wa asilimia 97 kuwa dhana yangu ni kweli. Alipoisoma alitoa sarafu ya shilingi kumi, ile mpya yenye simba. Akasema tuichukulie kuwa haina hila. Ukiirusha mara kumi, matokeo yanaweza kujipanga kwa njia 1,024, na katika hizo ni 11 tu zinazotoa simba mara tisa au kumi. Karibu 0.011. Namba hiyo inakwambia kwamba sarafu isiyo na hila ni nadra kufanya hivyo. Haikwambii kuna uwezekano gani kwamba sarafu ina hila, kwa sababu tangu mwanzo tumeihesabu tukichukulia haina. Nilirudi nyumbani nikakata sentensi yangu kwa kalamu nyekundu.

Lakini aliponiokoa hasa ni kwenye mradi wenyewe. Nilitaka kulinganisha mavuno ya kusi na ya kaskazi, misimu yetu miwili ya upepo. Kila mtu wa pwani anajua kusi bahari huchafuka na vyombo vidogo huvua karibu. Mimi nilifanya jaribio la t, ambalo hupima tofauti ya wastani mbili dhidi ya namba zilivyotawanyika (t ikiwa ndogo, tofauti haionekani), jibu likaja kwamba hakuna tofauti ya maana. Nilipomwambia amu yangu, ambaye amevua tangu utotoni, alinitazama tu akaendelea kushona wavu wake.

Mwalimu aliniuliza swali moja: vyombo vya kusi na vya kaskazi ni vilevile? Ndiyo, ni vilevile. Basi akaandika mfano wa vyombo vinne. Kusi: 10, 22, 35, 41. Kaskazi: 13, 26, 38, 45. Ukivitazama kama makundi mawili yasiyojuana, wastani ni 27 na 30.5, na kwa sababu dau dogo na mashua ya injini vimeachana mno, ile tofauti ya 3.5 inamezwa, t inakuwa kama 0.35. Ukikilinganisha kila chombo na chenyewe, unapata 3, 4, 3, 4. Vyote vimeongezeka, na karibu sawasawa. Sasa t ni 12.1. Namba ni zilezile nane, kilichobadilika ni kuheshimu kwamba zimekuja kwa jozi. Nilihisi kama mtu aliyefunguliwa dirisha.

Hapo ndipo aliponisimulia pia asili ya jaribio lenyewe: William Sealy Gosset, aliyekuwa akifanya kazi Guinness, kiwanda cha bia cha Dublin, alilichapisha mwaka 1908 kwa jina la Student. Alikuwa na sampuli chache mkononi na kazi ya kufanya, basi. Kisa hicho kilinipa moyo, kwa sababu hata mimi sina vyombo mia tano, ninavyo kumi na vinane.

Malipo ni shilingi 500 kwa saa ukiwa peke yako, na 250 kila mtu mkiwa wanne. Hapokei zaidi ya wanne. Mimi naona ni bei ya haki kabisa, hasa kwa mtu anayekusomea rasimu kabla hujafika.

Yapo mapungufu, na sitayaficha. Hatoi maandishi, usipoandika mwenyewe umekosa. Anapofurahia jambo huenda mbio, lazima umshike mkono arudi. SPSS anaijua lakini haipendi, anapenda R, programu nyingine ya takwimu, kwa kuwa ni ya bure, na kwa sisi tuliozoea kubonyeza menyu inachukua muda. Na umeme ukikatika, kompyuta yake haina betri nzuri, mnabaki na karatasi. Mwezi wa Ramadhani alisimamisha masomo, mtihani wangu ukiwa karibu, nikahangaika kidogo. Wanafunzi wa sekondari nadhani watamfaidi zaidi wakianza mapema Kidato cha Tatu kuliko kumkimbilia miezi miwili kabla ya KCSE. Binti wa jirani yangu alikuja amechelewa, na ogivu, ule mchoro wa marudio limbikizi, walilifikia juu juu tu.

Mtihani wa marudio nilipata 64. Nilipoulizwa safari hii kwa nini nimetumia jaribio la jozi, nilieleza bila kutazama karatasi, nikatoa na mfano wa dau na mashua.

Bado naenda Jumamosi, sasa kwa ajili ya kumalizia mradi. Wiki iliyopita aliomba tena daftari la dikoni, akaligeuza kurasa nyingi, akaniuliza kwa nini, ukiacha vyombo vya mradi, miaka ya nyuma nimeandika kilo bila jina la chombo. Sikuwa na la kusema. Bila jina huwezi kuunganisha jozi, na namba zote zile haziwezi kulinganishwa tena chombo kwa chombo. Jumatatu asubuhi nilichukua rula, nikachora safu mpya upande wa kushoto kabisa. Chombo cha kwanza kilipofunga kamba, kabla sijauliza kilo, niliuliza jina.