Coober Pedy mwezi wa Januari: nililipia chumba cha chini ya ardhi, nikapewa cha bati

Nililipa bei ya chumba cha chini ya ardhi. Nikakabidhiwa ufunguo wa chumba cha juu, kuta za matofali ya saruji, paa la bati, dirisha limeelekea magharibi, na ilikuwa katikati ya Januari. Aliyewahi kufika Coober Pedy ameshanielewa. Kwa ambaye hajafika, itabidi kwanza aujue mwamba wa pale, la sivyo ataona nakasirikia jambo dogo.

Coober Pedy ni mji wa machimbo ya opali, kito cha thamani, huko Australia Kusini, kilomita 846 kaskazini ya Adelaide kwa barabara kuu ya Stuart. Opali ilianza kupatikana pale mwaka 1915, na wachimbaji hawakuchukua muda kugundua kwamba mashimo waliyochimba yanakalika kuliko mahema yao. Mpaka leo sehemu kubwa ya mji inaishi ndani ya vilima. Mwamba wake ni laini kiasi cha kuchimbwa kwa mashine na mgumu kiasi cha kusimama bila nguzo. Ndani, joto hukaa kwenye nyuzi 23 hadi 25 usiku na mchana, kiangazi na kipupwe, bila AC. Nje, Januari ya kawaida inagonga nyuzi 36 au 37 mchana, na siku zikiwa mbaya inavuka 45. Kwa hiyo chumba cha chini si anasa ya watalii. Ukienda Januari, hicho ndicho unachokilipia. Vingine vyote ni nyongeza.

Dada wa mapokezi hakuinua hata uso. "Vya chini vimejaa." Nikamwonyesha uthibitisho wa malipo, umeandikwa chumba cha chini ya ardhi, na picha ya chumba chenyewe ikiwa juu yake. Akautazama, akanirudishia simu yangu, akasema: "Ni Januari, na hapa ni jangwani. Ulitegemea nini?"

Nilitegemea nilicholipia. Hakuna zaidi ya hapo. Hakusema samahani, hakusema atapiga simu kwa jirani, hakutaja kunirudishia tofauti ya bei. Ningeambiwa "pole, tumekosea hesabu ya vyumba," leo ningekuwa naandika mambo mengine kabisa. Lakini kumlaumu mgeni kwa hali ya hewa, wakati kosa ni la daftari lako, huo ni utovu wa adabu, na nauandika hapa ujulikane.

Sasa kiyoyozi. Chumba kile hakikuwa na AC ya gesi. Kilikuwa na kiyoyozi cha maji, lile sanduku la bati linalofungwa nje ya dirisha. Sina ugomvi na vyombo hivi. Jangwani vinafanya kazi nzuri kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu hewa ni kavu mno. Kinafanya kazi kama mtungi wa udongo unavyopoza maji: unyevu ukigeuka mvuke, unaondoka na joto. Ndani ya sanduku kuna pedi nene za nyuzinyuzi pande tatu, beseni la maji chini lenye boya linalofungua na kufunga bomba, pampu ndogo inayopandisha maji juu yatiririke kwenye pedi, na feni inayovuta hewa ya nje ipite kwenye hizo pedi zilizolowa. Nje kukiwa na nyuzi 45 na unyevu wa asilimia 10, chombo kizima cha namna hii kinaweza kukupa hewa ya nyuzi 26 au karibu yake. Unalala vizuri kabisa.

Kizima, nasisitiza. Hiki cha kwangu feni ilizunguka, pedi kavu. Ukifungua kifuniko cha pembeni unaziona: gamba jeupe la chumvi, unene wa ukucha, limeshikana toka juu mpaka chini, na ukiligusa linamong'onyoka na kuanguka kwenye beseni. Sababu haina siri. Maji ya mji ule yanavutwa ardhini, yana chumvi, na huchujwa kiwandani kabla ya kufika bombani. Hata yakichujwa hubaki na madini kidogo. Maji yakigeuka mvuke madini hayaendi nayo, yanabaki kwenye beseni na kuongezeka kila saa, ndiyo maana vyombo hivi huwa na njia ya kumwaga maji kidogo kidogo ili mapya yaingie. Pale ilikuwa imezibwa kwa kipande cha kitambaa. Nadhani walikuwa wanabana matumizi ya maji, kwani maji pale ni ghali. Matokeo yake, matundu ya kugawia maji juu yaliziba, chujio la pampu likaziba, pedi zikakauka, na feni ikawa inasukuma hewa ya jangwani moja kwa moja mpaka kitandani.

Niliporudi mapokezi niliambiwa nifunge dirisha "ili baridi isitoke." Hapo ndipo nilipochoka kabisa. Kiyoyozi cha maji hakifungiwi dirisha! Hewa inayoingia lazima ipate pa kutokea, la sivyo unyevu unajaa chumbani, maji hayageuki tena mvuke, na unabaki na joto lenye unyevunyevu. Unaacha dirisha la upande wa pili wazi, upana wa vidole vinne hivi. Mtu anayepangisha vyumba jangwani na hajui hili, amekabidhiwa kazi asiyofundishwa, na hiyo si lawama ya yule dada peke yake. Mwenye hoteli ndiye ninayemtazama.

Basi, kwa yeyote atakayepewa chumba cha juu, kabla hujafungua begi fanya hivi. Washa pampu kwanza, feni baadaye, dakika kumi hivi zipite pedi zilowe. Gusa pedi: zinatakiwa zilowe zote, si mistari mistari. Nusa, harufu ya tope maana yake maji ya beseni yamelala siku nyingi. Fungua dirisha la upande wa pili. Ukiona hewa bado ni ya moto baada ya nusu saa, rudisha ufunguo hapo hapo, usikubali kuambiwa "subiri jioni." Jioni haisaidii. Kwa saa za kiangazi za Australia Kusini, jua la Januari linachwa pale baada ya saa mbili na nusu usiku, na kilele cha joto si saa sita mchana kama tulivyozoea, ni kwenye saa kumi na nusu hadi kumi na moja jioni. Ukuta wa saruji unaotazama magharibi unakunywa jua lile mpaka dakika ya mwisho, kisha unalitema usiku kucha. Saa sita za usiku niliweka kiganja ukutani nikakiondoa haraka. Bomba la maji baridi nalo lilikuwa linatoa maji ya moto.

Na kukijua chumba halisi cha chini ni rahisi: hakina dirisha, kuta zina mikwaruzo ya mviringo iliyoachwa na mashine ya kuchimbia, darini kuna tundu la bomba linalopanda mpaka nje kuingiza hewa. Hoteli nyingi pale zina vyumba vya aina zote mbili chini ya jina moja, na vingine vimechimbwa nusu tu, mbele vimejengwa kwa matofali. Usiulize "je, ni hoteli ya chini ya ardhi?" Uliza, "chumba changu mimi, namba ngapi, kitanda kiko ndani ya mwamba?" Waandike jibu kwenye barua pepe.

Nilisema moyoni nitaandika neno moja tu: msiende. Lakini haki lazima itendeke. Kanisa la Waserbia wa Kiorthodoksi limechongwa lote ndani ya mwamba, na ukishuka kutoka kwenye lile jua, mwili unatulia kabla hata macho hayajazoea kiza. Machimbo ya zamani yaliyogeuzwa makumbusho, kama Umoona, yana ubaridi ule ule, na ukutani unaoneshwa mkanda mwembamba wa opali ulioachwa makusudi bila kuchimbwa. Kanku-Breakaways, vilima vya rangi nyeupe, njano na kahawia kiasi cha kilomita 30 hivi kaskazini ya mji, pamoja na ule uzio wa kuzuia mbwa mwitu wa dingo unaokatiza jangwa kwa zaidi ya kilomita 5,000, vinastahili safari. Nenda jua linapochomoza tu. Ikifika saa nne asubuhi uwe umesharudi chini ya ardhi. Ila piga simu kwanza, maana msimu wa wageni ni Aprili hadi Oktoba, na kiangazi shughuli nyingi hupunguza saa au kufungwa kabisa.

Sisi wa Dar na Mombasa tunajiona tunalijua joto. Joto lile ni jingine. Kwetu jasho linakulowesha shati na unajua umepoteza maji. Kule jasho linakauka kabla hujaliona, shati ni kavu, midomo inapasuka, na kichwa kinaanza kuuma ukiwa huna kiu kubwa. Waliokaa Muscat au Dubai wakati upepo wa bara unavuma watakuwa na picha. Usingoje kiu, kunywa kila nusu saa, na paketi za chumvi na sukari za wagonjwa wa kuhara zinafaa sana. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai, umeshachelewa. Mwenzako akianza kuongea hovyo au kuyumba, mpeleke kivulini, mloweshe mwili mzima, mpepee, piga 000, namba ya dharura ya Australia. Na ukipiga picha usirudi kinyumenyume hata hatua moja: mashimo ya machimbo yaliyoachwa ni mengi mno, mengi hayana uzio, na mabango yameandikwa kila mahali kwa sababu watu wameshatumbukia.

Wanaokwenda kwa gari: kati ya Glendambo na Coober Pedy ni takriban kilomita 250 bila kituo cha mafuta na karibu bila mtandao wa simu. Jaza tangi Glendambo, hata kama mshale uko nusu. Beba maji lita 10 kwa kila kichwa. Pima upepo wa tairi asubuhi zikiwa baridi, wala usiupunguze njiani kwa kuona umepanda. Ni joto tu. Mshale wa joto la injini ukipanda, zima AC, washa hita mpaka mwisho, punguza mwendo. Usiposhuka, simama, na kifuniko cha rejeta usikiguse mpaka injini ipoe kabisa. Gari likikwama, bakini nalo. Anayeacha gari kutafuta msaada kwa miguu ndiye anayekufa.

Haya yote mtu anaweza kuyapanga, na ukiyapanga Januari inawezekana. Kwa siku nzima chini ya mwamba nilikuwa karibu kuwaambia nendeni, tena nendeni wakati huo huo, mji mtupu, hakuna foleni. Kisha nakumbuka lile swali, "ulitegemea nini?", na damu inachemka upya. Hapana. Kama huna barua inayosema kitanda chako kiko ndani ya mwamba, usiende Januari.

Na likikupata, usiondoke mikono mitupu. Piga picha chumba, pedi, na kipimajoto kikiwa kitandani. Hifadhi tangazo kama lilivyokuwa siku uliyolipa. Andika kwa hoteli, si kwa simu, udai tofauti ya bei au pesa yote, na uwape tarehe ya kujibu. Sheria ya kumlinda mlaji ya Australia, iliyoanza kutumika nchi nzima mwaka 2011, inakataza kutangaza huduma moja na kutoa nyingine, na kwa Australia Kusini malalamiko hupokelewa na ofisi ya Consumer and Business Services. Huhitaji wakili.

Barua yangu wameshaipata. Kwa sasa natoa nyota moja. Wakinirudishia tofauti ya bei nitapandisha ziwe tatu, kwa sababu mji wenyewe unastahili hata tano. Wakiendelea kukipangisha chumba kile Januari ijayo bila kubadilisha zile pedi na kuizibua ile njia ya maji, nyota itabaki hiyo hiyo moja.