Haraka au Baraka?
Juni hapa Mwanjelwa, Mbeya, baridi inatufungia ndani, na kwenye mchezo wa video wa Baldur's Gate 3 ubishi wetu ni mmoja: mchawi ampe mpiganaji mmoja kasi, au kasisi abariki watu watatu?

Kasi inavutia. Mpiganaji anapata tendo la ziada, ulinzi unapanda kwa 2, mwendo unakuwa maradufu. Ila kasi na baraka zote mbili zinadai umakini wa aliyezitoa. Akipigwa anaweza kuupoteza, na uchawi unakatika. Hapo kasi inageuka balaa: mpiganaji wako anazubaa zamu nzima katikati ya maadui, unamtazama akichakazwa. Inauma! Baraka ikikatika, mmepoteza dadu ya pande 4 mliyokuwa mkiongeza kwenye mashambulizi, basi.

Mimi nabariki. Kasi naitoa pale mchawi alipojificha, mbali na mishale.