Uzoefu wangu: ziara ya basi katika mahekalu ya Dwarka

Dwarka, mji wa mahujaji wa Kihindu ulioko magharibi mwa jimbo la Gujarat nchini India, una ziara ya basi ya nusu siku ambayo ningempendekezea yeyote anayependa visa vya kale, mradi awe mvumilivu wa haraka za dereva. Basi hupitia hekalu la Nageshwar, bwawa la Gopi Talav, kisiwa cha Bet Dwarka na hekalu la Rukmini, lakini halifiki katika hekalu kuu la Dwarkadhish, jambo ambalo muuza tiketi hakulitaja hadi nilipomuuliza.

Mwongozaji alisimulia kwa Kihindi na Kigujarati tu, nami nikabaki kumtegemea abiria wa kiti cha jirani, aliyenifasiria kwa hisani yake. Hata hivyo, kisa cha Rukmini peke yake kilistahili nauli yote. Inasimuliwa kwamba mungu Krishna na mkewe Rukmini walimwalika mtawa Durvasa, aliyesifika kwa ukali, naye akakubali kwa sharti kwamba gari lake livutwe na wao wenyewe badala ya farasi. Njiani Rukmini alishikwa na kiu. Krishna akakandamiza ardhi kwa kidole cha mguu, maji ya mto mtakatifu wa Ganga yakabubujika, na bibi akanywa bila kumkaribisha mgeni kwanza. Durvasa akamlaani atengane na mumewe, na nchi ile ikose maji matamu. Ndiyo sababu, wanasema, hekalu la Rukmini liko peke yake nje ya mji, na mahujaji hutoa sadaka ya maji hapo hadi leo. Sisi wa pwani tuliokulia kwenye visima vya maji ya chumvi hatuhitaji kufafanuliwa uzito wa laana hiyo. Kilichonikera ni kuhani kuanza kutaja viwango vya sadaka wakati bado ninatazama safu za tembo na watu zilizochongwa chini ya kuta, kisha honi ya basi ikatuita.

Muda huo ulioibwa ulitumika Gopi Talav, kwenye maduka ya udongo wa manjano ambao waumini hujipaka kwenye paji la uso. Bet Dwarka, ambako Sudama maskini anasemekana kumletea rafiki yake Krishna konzi ya mchele uliopondwa, sasa hufikiwa kwa daraja la Sudarshan Setu lililofunguliwa Februari 2024. Zamani watu walivuka kwa mashua kutoka Okha.

Dwarkadhish, lenye ghorofa 5 na nguzo 72, nilikwenda mwenyewe. Simu haziruhusiwi ndani, na mlango hufungwa tangu saa saba mchana hadi saa kumi na moja jioni. Kwa hiyo ni afadhali kukata tiketi ya basi la mchana, asubuhi ukaitumia hekaluni na kwenye ngazi 56 zinazoteremka hadi mto Gomti.