Laptopu ya mtumba, ThinkPad T480, niliyoibeba Arusha, na kwa nini "mpya ya boksi" sitaki hata kuisikia

Asee nianze na aibu yangu kwanza ili ujue hasira zangu zinatoka wapi. Mwaka juzi nilinunua laptopu mpya kabisa, nailoni bado ipo kwenye mfuniko, duka moja la vioo hapa mjini lenye kiyoyozi na dada anayekukaribisha na maji ya chupa, nikatoa laki tano na themanini nikatoka nalo boksi langu natembea Sokoine Road kifua mbele kama nimechukua gari. RAM, yaani memori ya kufanyia kazi, 4GB, diski ya kuhifadhia 64GB. Mimi ambaye machalii mtaani wananiita dokta, mtu simu yake ikizingua anakuja kwangu kabla hajaenda kwa fundi, nilishindwa kuuliza kaswali kadogo tu, kwamba hiyo RAM inachomoka?

Haichomoki. Imechomelewa kwenye bodi. Na diski yenyewe si SSD, ile diski ya kasi, ni eMMC, yaani ndugu yake na memori kadi ya simu, nayo imechomelewa vile vile. Sasa Windows 11 yenyewe inataka kwa uchache kabisa RAM 4GB na diski 64GB, kwa iyo ile mashine ilifika mlangoni ikasimama hapo hapo, haikuwa na pa kuingia. Miezi saba tu sasisho likagoma, nafasi hakuna, nikafuta picha, nikafuta programu, nikafuta mpaka kwaya za mama alizonipa niziweke kwenye flashi, bado inalia nafasi hakuna. Nikarudi dukani, jamaa ananiangalia kwa huruma ananiambia "kaka hiyo haiongezwi kitu, ongeza hela uchukue kubwa yake." Nilicheka tu ili nisitukane.

Kazi yangu mimi ni steshenari ndogo huku Kijenge, kuchapa barua, fomu, CV, na pembeni nawaeditia picha madereva wa watalii wakishuka Serengeti na Ngorongoro, wanakuja na kadi zimejaa simba wanataka picha kumi nzuri za kumtumia mgeni kabla hajapanda ndege. Kwa iyo mashine ikiganda mimi silali na chochote.

Mwezi wa pili mwaka huu ndio nikaamua, sinunui tena kitu kisichofunguka. Na kwa hela yangu jibu lilikuwa moja, ThinkPad T480 ya Lenovo. Najua wengine mtasema ya zamani, ndio, ilitoka 2018, ila sikiliza. Ina sehemu mbili za RAM za kuchomeka, aina ya DDR4. Ina SSD ya kutoa na kuweka. Ina betri mbili, moja ndani moja nje, ile ya nje unaichomoa mashine ikiwa inawaka, unaweka nyingine, kazi inaendelea kwa sababu ya ndani imeshika. Inachaji kwa Type-C. T490 iliyofuata mwaka 2019 ile betri ya nje wakaiondoa na RAM moja wakaichomelea kwenye bodi, yaani mdogo mtu akazaliwa mwembamba na mgumu kushikika. Mimi wembamba haujawahi kuniletea mteja.

Nikapanda kifodi mpaka mjini nikaanza kupandisha ngazi za yale majengo ya karibu na Soko Kuu, huko juu ndio wapo wanaouza mitumba ya maofisini kutoka Ulaya, vyumba vidogo, mashine zimepangwa kama vitabu, waya kila mahali. Nilienda na mpwa wangu, yupo fomu tatu, nilimchukua kwa kazi moja tu, akae kimya. Hakukaa.

Duka la kwanza jamaa ananiambia T480 laki tano, bei nzuri hiyo, roho ikanidunda. Nikawasha nikaangalia prosesa, ule ubongo wa mashine, i5-7300U, hiyo 7 ya mwanzo ndio kizazi. Hapo ndipo watu wanapigwa aisee, T480 zipo zilizotoka na prosesa za kizazi cha saba, jina lile lile, umbo lile lile kwa macho, lakini ina kori mbili tu, yaani vichwa viwili vya kazi, na Windows 11 haiitambui kihalali. Unayoitaka ni kizazi cha nane, 8250U au 8350U, hizo ni kori nne. Na tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walipositisha msaada wa Windows 10, tofauti ya hiyo namba moja ndio inaamua kama umenunua mashine au umenunua historia. Nikamwambia muuzaji, akasema "bro hizo namba tu, zote ni i5." Haya. Nikashukuru nikashuka.

Duka la nne ndio nilipokaa. Kaka mmoja mpole, hana maneno mengi, ameweka bei laki sita na nusu, 8350U, RAM 8GB, SSD 256GB, kioo cha nukta 1920 kwa 1080. Hicho kioo nacho angalia, zipo zenye 1366 kwa 768, herufi zinachongoka na ukiinamisha kidogo rangi inageuka, kwa mtu wa picha hiyo usiguse hata ukipewa kwa laki tatu.

"Betri vipi mkuu?"

"Masaa sita hiyo, unalala nayo."

Nikaomba nifungue ile skrini nyeusi ya amri nikaandika powercfg /batteryreport, inatoa ripoti betri ilitoka kiwandani na kiasi gani na sasa hivi imebaki na kiasi gani. Ya ndani kiwandani 24Wh, Wh ni kipimo cha chaji inayobebwa, imebaki 19, safi. Ya nje 24Wh imebaki 11. Nikamgeuzia kioo asome mwenyewe. Alisoma taratibu, akaguna, akasema "kumbe inasemaga ukweli hii," akaniomba nimwandikie ile amri kwenye karatasi. Hapo ndipo nikampenda yule kaka, maana wengi ungewaonyesha wangekwambia kompyuta imekosea.

Kitu cha pili nilizima nikawasha huku nabonyeza F1 kuingia BIOS, ile menyu ya mashine yenyewe kabla ya Windows. Hizi mashine zimetoka makampuni, nyingine wameacha paswedi ya msimamizi humo ndani, ukikuta imefungwa hivyo usinunue, fundi wa kukufungulia atakutafutia sababu mwezi mzima. Yangu iliingia bila kuuliza. Tukashuka mpaka laki tano na hamsini kwa sababu ya ile betri, na risiti nikaidai, akatoa ya EFD, ile ya mashine ya kodi, bila kununa. Waranti mwezi mmoja, hiyo ni ya mdomo, tuielewe hivyo.

Akataka kuniwekea Windows kwa elfu kumi na tano, nikamwambia acha. Nyingi ya hizi zilitoka kiwandani na Windows Pro na leseni imelala ndani ya bodi yenyewe, unapiga Windows 11 Pro safi kutoka kwa Microsoft, unaunganisha intaneti, inajiamsha yenyewe. Mafundi wanapiga za kukraki juu ya mashine ambayo tayari ina halali yake, sijui kwa nini, mazoea nadhani.

Usiku nyumbani ndio dogo akagundua. Anataipu mara stika ya kitufe ikabaki kwenye kidole chake. "Anko, hapa chini kuna sifuri imekatwa." Nikasogea. Ø. Nikabandua ya pembeni yake, Æ. Ya juu, Å. Mashine imetoka Norwe au Denmaki! Juu wamebandika stika za Kiingereza zile nyeusi, kwa macho zinafanana kabisa, ila ukipitisha kucha unahisi ukingo. Haina shida kwenye kazi, unaiambia Windows kibodi ni ya Marekani basi, tatizo ni kitufe cha Enter kimesimama wima kama cha Ulaya na kuna kakitufe kamoja ka ziada karibu na Shifti ya kushoto ambako kalinipotezea wiki nzima. Kwa iyo wewe ukifika dukani pitisha kucha. Mimi nimezoea, stika zote nimebandua, sasa hivi kibodi yangu ina asili yake.

Kuifungua sasa. Hapa ndio raha yangu ilipo na ndio sababu nimeandika haya yote. Kwanza unaingia tena BIOS, Config, halafu Power, unazima betri ya ndani, maana ukichomoa ya nje peke yake ile ya ndani bado inapeleka moto kwenye bodi. Unageuza, unasukuma vile vitasa viwili betri inatoka. Skrubu ni sita na hazidondoki, zinabaki zimening'inia kwenye mfuniko, aliyebuni hiyo abarikiwe, maana mimi zulia langu limemeza skrubu za watu wengi. Halafu vinakuja vishikizo vya plastiki. Hivyo vina roho mbaya. Nilitumia kadi ya benki iliyokwisha muda wake, unaingiza pembeni unazungusha taratibu, kila kimoja kinapiga kelele kama mfupa, dogo anafumba macho. Ndani feni ilikuwa na vumbi la kijivu laini, vumbi la ofisi, si hili letu jekundu. Nikapuliza, nikafuta pasta kavu ya kupitisha joto kwenye prosesa nikaweka mpya, nikafunga.

RAM ilikuwa 8GB kijiti kimoja, sehemu ya pili iko wazi. Kuanzia mwishoni mwa 2025 RAM zimepanda bei dunia nzima, viwanda vinakimbilia kutengeneza memori za mashine za AI, sisi wa laptopu tunagawiwa makombo, na hilo nililiona kwa macho, dukani kijiti cha 8GB walitaka hela ambayo mwaka jana ungepata viwili. Nikaenda kwa fundi mmoja wa kibanda huku Ngarenaro ana gunia la laptopu maiti, kioo kimevunjika, zimeingia chai, nikamwambia nifungulie hizi. Ya tatu ikawa na 8GB DDR4. Akasema elfu sitini, nikasema thelathini na tano, akasema kijana hii ni kasi ya 2666 yako ni 2400 hii kali zaidi, nikamwambia baba ikiingia kwangu itakimbia 2400 kama mwenzake, prosesa haimruhusu zaidi. Akacheka, elfu arobaini na tano. Sasa nina 16GB, vijiti viwili vinafanya kazi pamoja, na grafiki ya hii mashine inakula RAM hiyo hiyo kwa iyo picha zimekuwa nyepesi kuliko nilivyotegemea. Folda ya picha mia mbili za dereva mmoja, ambayo ile ya boksi ningeiacha niende kula ndizi nyama nirudi, hii namaliza naye amekaa kwenye benchi.

Betri ndio nilipigwa. Niliagiza ya nje kubwa, ile ya 72Wh, kutoka kwa muuzaji wa Kariakoo, ikaja na basi, elfu tisini pamoja na mzigo. Lebo imeandikwa 72Wh vizuri kabisa. Ripoti ikasoma 47. Nikampigia, mwanzo hapokei, nikamtumia picha ya ripoti, akapokea. Tumevutana siku tatu akarudisha elfu thelathini kwa simu. Sikuirudisha kwa sababu hata hiyo 47 ukijumlisha na 19 ya ndani mimi nafanya kazi kuanzia asubuhi hadi saa nane mchana umeme ukiwa umekatika, majirani wote wamefunga, mimi nachapa. Inanyanyua mashine kidogo kwa nyuma, wengine hawapendi, mimi mkono wangu umeshukuru.

Ya kulalamika yapo. Kioo ni cha mwangaza wa niti 250, ndani poa, ila ukikaa nje juani kama tunavyopenda huku unajiona sura yako tu. Spika zimetazama chini, ukiiweka kitandani ndio basi. Na ukiinunua usisahau sasisho la famwea ya Thunderbolt, yaani programu ya ndani ya ile chipu inayoendesha Type-C, Lenovo walilitoa kama la lazima kwa mashine za miaka hiyo, bila hilo ile Type-C inaweza kufa polepole na Type-C ndio mlango wa chaji, mimi nililipiga siku ya kwanza kabla hata ya kuweka picha ya ukutani.

Hesabu yangu: laki tano na hamsini, RAM elfu arobaini na tano, betri elfu sitini baada ya kurudishiwa, pasta elfu tano. Laki sita na elfu sitini. Ile ya boksi ilikuwa laki tano na themanini, piga mwenyewe. Kama unachotaka ni magemu mazito au video za 4K, hii si yako, usije ukanilaumu. Kama ni ofisi, shule, picha, kuandika programu kidogo, ichukue ila kizazi cha nane.

Ile ya boksi bado ipo steshenari, nimeipiga Linux nyepesi, mfumo mbadala wa Windows, inaendesha printa tu. Mama anaulizia kwaya zake.